Fimbo Mlangoni kwa Paulina

Tulimwacha Emiliana uani kwa Paulina, jua la asubuhi linamchoma utosini, na mbele ya macho yake fimbo ya mumewe imesimikwa ardhini, mlangoni kabisa. Haikuegemezwa, jamani. Imezamishwa udongoni na imesimama wima.

Kama ulilikosa gazeti lililopita, nakuweka sawa upesi. Emiliana ni mke wa Joel Ndahani, na Joel ana kazi mbili. Siku za ofisi ni mtakwimu wa serikali mjini Dodoma, bwana wa sampuli na asilimia. Akivua tai anakuwa Mtemi wa Chibwesa, kijiji kilicho mbele ya Mvumi, mrithi wa kiti cha babu yake na mawe ya kuombea mvua. Wiki hii kazi zote mbili zimekutana. Jumamosi anapanda mlimani na wazee kuomba mvua, na ofisi nayo imempanga asimamie utafiti wa mavuno katika vijiji vya huko huko kwao.

Na Paulina ni nani? Ndiye mwanamke ambaye wazee walimchagulia Joel zamani, kabla hajaenda chuo kikuu na kurudi na mchumba Mrangi kutoka Kolo. Mrangi mwenyewe ndiye huyu aliyesimama uani sasa hivi, anahema.

Pale Chibwesa hata mtoto anajua maana ya fimbo ile. Ikisimikwa mlangoni kwa mwanamke, mwenye fimbo ndiye mume wa nyumba hiyo. Hakuna anayebisha hodi. Watu wanapita mbali, na wakifika kisimani wanacheka. Emiliana alifundishwa hayo na mawifi zake wiki ile ile alipoolewa. Ila desturi hiyo ina nusu ya pili, na hiyo hakuna aliyemwambia, wala yeye hakuuliza.

Asubuhi hiyo alikuwa amepata ujumbe wa simu kutoka namba asiyoifahamu, ukimwambia aende kwa Paulina akajionee mwenyewe. Akaenda, na sasa alikuwa anajionea.

Alinyata mpaka dirishani. Sauti ya mumewe ilikuwa inatoka ndani, tulivu, ile ile anayoitumia akisoma habari gazetini wakati wa chai.

"Katika chumba hiki mnalala watu wangapi?"

"Nalala peke yangu, Mtemi," Paulina akajibu, na ungedhani ana asali mdomoni. "Andika hivyo hivyo. Na uandike kitanda ni kikubwa."

Joel akakohoa. "Hilo halimo kwenye dodoso."

Mke mwenye moyo mtulivu angelishika neno hilo la dodoso, akageuka, akaenda zake kupika. Emiliana alishika neno kitanda. Mimi simlaumu, na wewe mama unayesoma hapo usijifanye malaika, ungeshika hilo hilo.

Hakubisha hodi wala hakutukana. Aliikamata fimbo kwa mikono miwili, akaing'oa, akaondoka nayo mbio na udongo bado umeganda kwenye ncha yake.

Njia ya kutoka kwa Paulina inaingia barabara ya Mvumi pale kwenye genge la Mama Mwajabu, muuza nyanya na karanga. Na pale gengeni, kwa bahati au kwa kile alichotaka kionekane bahati, alikuwa amekaa Meshack juu ya pikipiki yake.

Huyu Meshack ni mtoto wa baba mkubwa wa Joel, mchuuzi wa ng'ombe minadani, mwanaume wa maneno matamu na kofia safi. Yeye ndiye mkubwa kwa umri, na miaka yote alijua kiti ni chake. Wazee walipompa Joel, Meshack alipiga makofi kuliko watu wote, halafu akaenda nyumbani akakataa kula. Wivu wake hauna kelele, na mimi wivu wa namna hiyo ndio ninaouogopa.

Emiliana alimwamkia Mama Mwajabu shikamoo, maana hasira haimfanyi mtu asahau malezi. Meshack hakungoja. Aliitazama fimbo, akamtazama yeye usoni, akatikisa kichwa kwa huruma.

"Pole, shemeji," akasema. "Kijiji kizima kinajua. Tulikuwa tunaogopa tu kukwambia."

Neno hilo, kijiji kizima, lilimwingia Emiliana kama mwiba wa mgunga. Alianza kulia pale pale barabarani. Meshack akamwacha alie, kisha akamweleza taratibu kwamba mwanamke hawezi kukaa na fimbo ya utemi nyumbani, ni mwiko, na kwamba kama anataka wazee wamwite mumewe wamwonye, basi fimbo ifikishwe kwao na mtu wa ukoo. Yeye Meshack alikuwa tayari kubeba mzigo huo.

"Unanipa kwa hiari yako?" akauliza.

"Chukua."

"Sema, shemeji. Unanipa?"

"Nakupa," Emiliana akasema. "Kaa nayo. Sitaki kuiona tena."

Meshack akageuka kwa Mama Mwajabu na kumwuliza kwa adabu kama amesikia. Mama Mwajabu aliyekuwa anapanga nyanya zake akasema amesikia, ana masikio. Emiliana hakujiuliza kwa nini huruma inahitaji shahidi. Pikipiki ikanguruma na fimbo ikaenda.

Joel aliporudi kwenye tembe lake alimkuta mkewe anakunja nguo na kuzitia kwenye begi.

"Mama Nyemo, safari ya wapi?" akauliza, akimwita kwa jina la mtoto wao.

"Ihumwa, mjini. Kwenye nyumba yangu yenye kitanda kidogo."

Joel si mjinga. Alielewa hapo hapo, akafunga mlango ili majirani wasipate faida, na akaanza kujieleza. Nyumba ya Paulina ilichaguliwa na kompyuta tangu mwaka jana, kwa nasibu, pamoja na nyumba nyingine nyingi za wilaya. Utafiti ule unazifuata kaya zile zile kila msimu, haziachwi wala hazibadilishwi. Msimu huu karani wake, Brighton, alifukuzwa pale mlangoni. Paulina alisema yeye hatahesabiwa na kijana wa mjini, atahesabiwa na Mtemi mwenyewe. Na kaya ikikataa, kanuni inasema msimamizi aende. Msimamizi ni Joel.

Emiliana akamwuliza kwa nini nasibu yake haijawahi kuangukia kwa kikongwe.

"Imeangukia kwa bibi yake Halfani," Joel akasema. "Nilikaa pale tangu asubuhi, bibi ananisimulia magonjwa yake yote. Hukunifuata."

"Jirani yake Paulina ni Edina. Shamba lake limepakana na la Paulina, mtama wao ni ule ule. Ungemwandika Edina yakaisha."

Hapo Joel akakaa kitako. Alikuwa mtu mpole, lakini ukimgusa kwenye kazi yake anabadilika.

"Edina amevuna kidogo. Paulina hakuvuna kitu. Nikianza kuzikwepa nyumba zinazonisumbua, nitabaki na nyumba nzuri tu, halafu nitaandika kwamba Chibwesa ina chakula. Lori la mahindi ya msaada likipita hapa bila kusimama, nani atawaambia watu kwamba ni kwa sababu mke wa mtemi aliona wivu?"

Emiliana aliacha kukunja. Alishika gauni moja mkononi muda mrefu, hajui alikunje au alirudishe kabatini.

"Basi mbona hukuniambia kama unakwenda kwake?"

Joel akakuna kidevu. "Niliogopa hiki hiki," akasema mwishowe.

"Na fimbo je? Uliogopa ukaisimika?"

Joel akakunja uso. Alimwambia kwamba mtemi haingii na fimbo chini ya paa la mtu, ndiyo maana huwa inashikwa nje na Mzee Matonya, mmoja wa wazee wake wa mila. Leo mzee alikwenda Mvumi kupimwa macho. Kwa hiyo aliiegemeza kwenye ua wa ng'ombe, mbali na mlango. Alipotoka hakuiona, akadhani mzee amesharudi akaichukua.

"Nimeikuta mlangoni. Imesimama. Nimeing'oa kwa mikono yangu."

"Basi ipo. Iko wapi?"

"Nimempa Meshack."

Msomaji, nimeandika habari za wanaume wengi wenye hofu, lakini hofu ya Joel siku ile sijui nikuelezee vipi. Alikwenda dirishani, akarudi. Alimwuliza mkewe kama Meshack alimtaka atamke kwamba anatoa kwa hiari. Emiliana akakubali. Akamwuliza kama palikuwa na mtu anasikiliza. Emiliana akamtaja Mama Mwajabu.

Ndipo Emiliana akaisikia nusu ya pili ya desturi, akiwa amekaa juu ya begi lake.

Fimbo ya mtemi ikitolewa na mkewe kwa mkono wake na kwa kinywa chake, mbele ya shahidi, aliyepewa ana haki ya kuisimika mlangoni kwa mke huyo. Ikishasimama pale, ni mke peke yake anayeweza kuing'oa, na akiing'oa shauri limekwisha, fimbo inarudi kwa mumewe. Lakini mtemi akiing'oa mwenyewe, kiti kinahamia kwa aliyeisimika, na mke na nyumba vinafuata kiti. Wazee wa zamani walikuwa na sababu yao. Mvua hainyeshi shamba la mtu mmoja. Mwanaume anayeshindwa kuzuia mkono wake kwa ajili ya wivu, walisema, hawezi kuwaombea watu wote.

"Kwa hiyo wewe usiiguse," Emiliana akasema.

"Mimi sitaigusa. Wewe kaa hapa mlangoni. Akija akaisimika, toka, ing'oe, basi. Nakwenda kumpokea Mzee Matonya na kuwaita wazee wengine kabla Meshack hajawafikia."

Alimshika mkewe bega, akatabasamu kidogo, akamwambia kwamba nafasi yao ni nzuri. Mtakwimu huyo. Kisha akaondoka haraka kupitia nyuma ya nyumba.

Kazi ya Emiliana ilikuwa nyepesi mno, kukaa mlangoni tu. Alivuta kigoda, akakaa, macho barabarani. Na angekaa hapo mpaka jioni kama asingesikia sauti ya mwanamke kutoka jikoni, upande wa nyuma, ikipiga hodi kwa unyonge.

Aliijua sauti hiyo. Ilikuwa ile ya kitanda kikubwa.

Kichwa kilimwambia akae. Miguu ilikuwa imeshasimama. Alipita katikati ya nyumba, akatokea mlango wa uani, akamkuta Paulina kwenye kibanda cha jiko, khanga imefungwa vibaya, macho mekundu.

"Dada, nimekuja kusema," Paulina akaanza. "Fimbo niliisimika mimi."

Emiliana alikuwa na maneno mengi aliyoyaandaa tangu asubuhi. Aliyaacha yote, akasogea karibu asikie.

Paulina akaeleza akiwa amesimama, bila kukaribishwa kigoda. Meshack alimfuata juzi. Alimwambia Mtemi akija kuhoji, atoke kidogo kana kwamba anakwenda kuchota maji, aitoe fimbo ilipoegemezwa na kuisimika mlangoni. Mengine atayafanya yeye. Emiliana ataletwa, ataona, atakasirika na kurudi kwao Kolo, na Joel atabaki peke yake. Ndivyo alivyoahidiwa. Fimbo kuondoka na Emiliana hakuambiwa. Alikuja kusikia kwa Mama Mwajabu kwamba anayo Meshack, na hapo ndipo alipokimbilia huku, maana yeye ni mtoto wa Chibwesa na nusu ya pili anaijua.

"Kwa nini ulikubali?" Emiliana akauliza.

"Hukuwahi kuachwa wewe." Paulina alifuta pua kwa ncha ya khanga. "Mimi nilishonewa gauni. Mama yangu alisaga mtama wa pombe ya harusi. Halafu ukaja wewe na gari la kukodi. Kila Krismasi nakuona unashuka, mtoto mgongoni, unaniamkia vizuri kabisa. Ungekuwa hata mbaya ningepata nafuu."

Hapo ndipo Emiliana alipoisikia ngoma ya muheme, ile ya wanawake wa Kigogo. Ilikuwa karibu, tena ilikuwa upande wa mbele wa nyumba. Akakumbuka kigoda alichokiacha mlangoni.

Alirudi ndani mbio. Alipovuka tu kizingiti cha uani, mlango ulifungwa nyuma yake na komeo likaingia.

Meshack alikuwa amesimama pale, kofia mkononi. Alikuwa ameingia kwa mlango wa mbele wakati yeye yuko jikoni. Mlango wa mbele nao ulikuwa umekomewa kwa ndani. Kupitia tundu la dirisha Emiliana aliiona fimbo. Ilikuwa imesimikwa mbele ya mlango wake mwenyewe, imezama barabara, na wanawake waliokodiwa na Meshack wanapiga ngoma na vigelegele kiasi kwamba hata ungechinjwa humo ndani usingesikika.

Alimrukia apite. Meshack alimsukuma kidogo tu, bila hasira, akaegemea mlango kwa mgongo wake mpana.

"Tulia, shemeji. Sina haja na wewe," akasema. "Nina haja na wivu wa mumeo."

Emiliana akamwambia Joel si mtu wa namna hiyo. Joel anaijua desturi, amesema hataigusa, na ana wazee pamoja naye.

Meshack akacheka. "Mumeo anaijua hesabu. Mimi nawajua wanaume. Hata wewe asubuhi ulikuwa unaijua heshima."

Barabarani vumbi lilitokea. Joel alikuwa anakuja, amemshika mkono Mzee Matonya, nyuma yao wazee wengine wawili. Akaiona fimbo, akasimama. Alitazama kigoda kitupu mlangoni, kisha akautazama mlango uliofungwa kutoka ndani.

Na hapo mtakwimu wetu akaanza kufanya kile alichofundishwa kufanya maisha yake yote, akaanza kujumlisha. Mke ametoa fimbo kwa hiari, tena akarudia. Mke alikuwa anafunga begi. Mke aliambiwa akae mlangoni, hayupo. Mlango umekomewa kwa ndani, na ndani kuna mwanaume. Kila moja peke yake lilikuwa na maelezo yake. Yote kwa pamoja yalimpa jibu moja, na jibu lilimchoma.

Meshack akapaza sauti dirishani, ngoma ilipopumua kidogo. "Mama Nyemo, leta maji. Mgeni amefika."

Wanawake wakaangua kicheko. Mzee Matonya alikuwa anamvuta Joel mkono, akimwambia maneno ya Kigogo, ya taratibu, angoje, mke atatoka. Emiliana alikuwa anapiga mlango kwa ngumi, anaita jina la mumewe, na ngoma ilikuwa imeanza upya.

Kulikuwa na mtu mmoja tu pale nje aliyejua ukweli wote. Paulina alikuwa amezunguka nyumba kwa mbio na kutokea kwenye kundi, hatua chache kutoka alipo Joel. Emiliana alimwona kutoka dirishani. Alimwona akifungua mdomo, na moyo wake ukapoa kwa mara ya kwanza siku hiyo.

Lakini Paulina alikuwa anamtazama Joel. Alikuwa anamwona akitetemeka kwa ajili ya mwanamke mwingine, kama ambavyo hakuwahi kutetemeka kwa ajili yake. Na nadhani hapo ndipo wazo lilipomjia. Joel akiing'oa fimbo atapoteza kiti, na atapoteza mke. Atabaki Joel mtupu, hana pa kwenda.

Paulina akafunga mdomo.

Joel alijinasua kutoka mkono wa mzee. Alitembea mpaka mlangoni, taratibu, akiwa ameinamisha kichwa. Emiliana aliweka uso kwenye tundu la dirisha, akauona uso wa mumewe kwa karibu, na akaugundua mara moja ugonjwa uliokuwamo. Ulikuwa ule ule uliomshika yeye asubuhi.

Mkono uliokataa kubadilisha kaya moja kwa sababu ya wivu ukaikamata fimbo, na udongo ulioizunguka ukaanza kupasuka.